Kifaru kikikwama vitani, nani hukikokota?

Na Mwandishi Wetu

MACHI 25, 2025, askari wanne wa Jeshi la Marekani walitumwa kulinasua gari la kijeshi lililokuwa limekwama katika eneo la mafunzo karibu na mji wa Pabradė, nchini Lithuania. Walikwenda kwa gari la deraya aina ya M88A2. Hawakurudi.

Gari hilo, lenye uzito wa takriban tani 63, lilizama katika kinamasi na kufunikwa na maji ya kina cha mita zipatazo tano, chini yake kukiwa na tope zito. Iliwachukua wanajeshi wa Marekani, Lithuania na Poland, wakiwamo wapiga mbizi, karibu wiki nzima kulitoa. Miili ya askari watatu ilikutwa ndani. Wa nne alipatikana siku iliyofuata, Aprili 1.

Habari hiyo ilitangazwa duniani kote kama ajali ya mazoezini, kisha ikapita kama zipitavyo habari nyingine. Kilichoelezwa kwa uchache ni kazi ya gari lenyewe. M88A2 haina mzinga wala haijaundwa kushambulia. Kazi yake ni kwenda mahali ambapo gari jingine la kivita limeshindwa kutoka, na kulitoa.

Kwa lugha ya barabarani, hilo ni brekidauni la vita. Msomaji aliyewahi kukwama kwa saa kadhaa katika mlima Kitonga, mkoani Iringa, kwa sababu lori moja limeharibika na kuziba njia, anajua thamani ya gari la kuvuta magari mabovu linapochomoza kwenye kona. Sasa na afikirie kuwa lori hilo lina uzito wa tani 60, limekaa katikati ya shamba lililotegwa mabomu, na adui aliye kilomita kadhaa kutoka hapo analitazama kupitia kamera.

Majeshi yote makubwa yana magari ya namna hiyo. Kwa umbo ni kifaru kilichoondolewa mnara wa mzinga. Mahali pake huwekwa winchi yenye waya mnene wa chuma, mkono wa kunyanyulia injini na mitambo mizito, na kwa mbele bamba pana la chuma kama la tingatinga. Warusi wana BREM-1, iliyojengwa juu ya umbo la kifaru cha T-72. Wajerumani wana Bergepanzer 3, waliyoipa jina la Büffel, yaani nyati, iliyotokana na kifaru cha Leopard 2.

Lile bamba la mbele ndilo siri ya kazi. Fundi hulishusha na kulichimbia ardhini ili liwe nanga, kwani bila nanga gari linalovuta ndilo litakaloburutwa kuelekea kwa kile kilichokwama. Winchi ya Büffel huvuta tani 35 kwa waya mmoja. Waya huo ukipitishwa kwenye kapi na kurudishwa, nguvu hufikia tani 70.

Nguvu hiyo yaweza kuonekana kubwa kupita kiasi, lakini sivyo. Mafundi wa Jeshi la Marekani hufundishwa kanuni rahisi: gari lililozama hadi usawa wa magurudumu lahitaji nguvu inayolingana na uzito wake, likizama hadi usawa wa mabati yanayofunika minyororo, nguvu hiyo huwa mara mbili, na likizama hadi kwenye mnara, mara tatu. Leopard 2A6 ina uzito wa takriban tani 62. Ikizama hadi mnarani, basi, yahitaji kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 180, yaani kwa magari zaidi ya moja na makapi kadhaa, pamoja na saa nyingi za kazi ya watu walio nje ya deraya, mikono yao ikiwa imejaa tope.

Ni kwa sababu ya saa hizo ndipo suala hili linapotoka karakana na kuingia katika meza ya majenerali.

Katika vita, vifaru vingi vinavyosimama havijateketea. Bomu la ardhini hukata mnyororo na kuvunja magurudumu mawili matatu. Kombora huharibu injini. Au dereva hutumbukia katika handaki. Wafanyakazi wa kifaru aghalabu hutoka wakiwa hai. Kifaru hicho, kikifika karakana usiku uleule, chaweza kurudi vitani baada ya siku chache. Kikibaki pale kilipo, asubuhi mizinga ya adui itakimalizia, au adui mwenyewe atakichukua.

Kwa maneno mengine, upande wenye uwezo wa kukokota hupoteza kifaru kimoja mahali ambapo upande usio na uwezo huo hupoteza viwili au vitatu, hata kama makombora yaliyorushwa ni sawa.

Waingereza walijifunza hilo kwa gharama katika jangwa la Afrika Kaskazini. Mwaka 1941 na 1942 vikosi vya Ujerumani vilijipatia sifa ya kuingia katika uwanja wa mapigano usiku na kuokota vifaru vyao vibovu, wakati wapinzani wao walikuwa na mafundi waliotawanyika katika idara mbalimbali. Oktoba 1, 1942, Uingereza iliunda kikosi maalumu cha wahandisi wa umeme na mitambo, REME, ambacho kipo hadi leo na kukokota ni moja ya kazi zake za msingi.

Wajerumani nao walikuja kunaswa na mafanikio yao wenyewe. Kadiri vifaru vyao vilivyozidi kuwa vizito, ndivyo vilivyozidi kukosa wa kuvivuta. Tiger, yenye tani zipatazo 57, kwa kawaida ilihitaji magari matatu ya tani 18 kila moja ili kuikokota. Katika mapigano ya Kursk ya Julai 1943, Ujerumani iliingiza kwa mara ya kwanza vifaru takriban 200 vya Panther. Baada ya siku tano ni kama 10 tu vilivyokuwa vikipigana. Vingi kati ya vilivyosalia vilikuwa na hitilafu au minyororo iliyokatwa na mabomu ya ardhini, na viliweza kutengenezwa. Jeshi liliporudi nyuma mwezi uliofuata, vifaru vilivyokuwa vikisubiri mafundi viliachwa.

Mfano unaotajwa zaidi katika vyuo vya kijeshi, hata hivyo, ni wa milima ya Golan, Oktoba 1973. Chaim Herzog, jenerali aliyekuja kuwa Rais wa Israel, ameandika katika historia yake ya vita hivyo kuwa takriban vifaru 250 vya Israel vilipigwa na kusimamishwa katika eneo hilo, na takriban 150 kati yake vilitengenezwa na kurudishwa vitani. Syria kwa upande wake iliacha zaidi ya vifaru 800 katika uwanja wa mapigano, vingine vikiwa vizima kabisa. Israel ilivichukua, ikavikarabati na kuviingiza katika jeshi lake.

Hapo pana jambo la kuzingatia. Syria haikushindwa kuvitoa vifaru vyake kwa kukosa winchi pekee. Ilishindwa kwa sababu jioni ilipofika, ardhi vilipokuwapo ilikuwa mikononi mwa Israel. Gari la kukokota halina faida kwa aliyefukuzwa uwanjani.

Hali iliyo kinyume yake ilionekana Ukraine katika majuma ya kwanza ya uvamizi wa Urusi, Februari na Machi 2022. Misafara ya Warusi iliyokuwa ikielekea Kiev iliishiwa mafuta, ikakwama katika tope la mwisho wa majira ya baridi, na ikaacha nyuma magari ya thamani kubwa. Wakulima wakayavuta kwa matrekta. Dunia ilicheka, na Ukraine ikatoa hata stempu ya posta yenye picha ya trekta likivuta kifaru.

Kichekesho hicho kilificha jambo zito. Jeshi lililokuwa likihesabiwa miongoni mwa yenye vifaru vingi kuliko yote duniani liliingia vitani likisonga kwa kasi katika njia nyingi kwa wakati mmoja, na magari yake ya kukokota hayakuweza kuwa kila mahali. Septemba mwaka huohuo, Ukraine iliposhambulia ghafla katika mkoa wa Kharkiv, Warusi waliondoka mji wa Izium na maeneo jirani wakiacha vifaru vingi vingine. Vilipakwa rangi upya na kugeuziwa mizinga kwa wenyewe.

Hapa ndipo msomaji wa habari za vita anapopaswa kuwa makini na tarakimu. Taarifa za kijeshi hupenda neno moja tu: "vimeteketezwa". Mtandao wa Oryx, ulioanzishwa na watafiti wa Uholanzi na unaohesabu hasara kwa kutumia picha pekee, hugawa hasara hizo katika makundi manne: vilivyoteketea, vilivyoharibika, vilivyotelekezwa na vilivyotekwa. Katika orodha yake, Urusi imepoteza zaidi ya vifaru 3,000 tangu 2022, na mia kadhaa kati ya hivyo vimo katika makundi mawili ya mwisho. Hivyo ni vifaru ambavyo mara nyingi hakuna kombora lililovimaliza. Vilikosa wa kuvitoa.

Juni 8, 2023, ilikuwa zamu ya Ukraine. Karibu na kijiji cha Mala Tokmachka, mkoani Zaporizhzhia, msafara wa vifaru vya Leopard na magari ya deraya ya Bradley yaliyotolewa na nchi za Magharibi uliingia katika uwanja wa mabomu ya kutegwa ardhini na kusimama. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha magari yakiwa yamerundikana pamoja, na Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilizisambaza kwa furaha.

Wengi wa waliokuwamo ndani walinusurika, jambo linalosifiwa kuhusu deraya za magari hayo. Katika majuma yaliyofuata, baadhi ya Bradley zilivutwa na kurudishwa nyuma. Leopard zilizoharibika zilipelekwa kutengenezwa hadi Poland na Lithuania, safari ya mamia ya kilomita kwa treni na malori. Gari lililoonekana katika picha likiwa "limeteketezwa" laweza kuwa lilirudi vitani kabla ya mwaka kwisha.

Lakini si yote. Mei 1, 2024, Urusi ilifungua maonyesho katika viwanja vya Poklonnaya Gora, Moscow, ikipanga hadharani silaha za Magharibi zilizotekwa. Vilikuwapo Leopard 2A6, Bradley na Abrams ya Marekani. Watu walipanga foleni kupiga picha. Kila kimoja kati ya vyombo hivyo kilikuwa kimesimama mahali ambapo Waukraine hawakuweza kukifikia na Warusi wakaweza. Mbali ya propaganda, wahandisi wa Urusi walipata fursa ya kuchunguza deraya na mitambo ya adui kwa mikono yao.

Wamarekani wenyewe wanaijua aibu ya namna hiyo. Aprili 5, 2003, wakati kikosi chao kilipopenya Baghdad kwa mara ya kwanza, Abrams moja ilipigwa na kuwaka moto barabarani. Walijaribu kuuzima na kuivuta, wakashindwa chini ya risasi, wakaiacha na baadaye kuishambulia wenyewe ili isitumiwe na adui. Siku iliyofuata serikali ya Saddam Hussein iliwapeleka waandishi wa habari kuitazama.

Pengine ndiyo maana Washington, ilipotangaza Januari 2023 kuipa Ukraine vifaru 31 vya Abrams, ilitaja palepale magari manane ya M88. Ni uwiano wa gari moja kwa karibu vifaru vinne. Kanada ilitoa vifaru vinane vya Leopard na gari moja la kukokota. Kwa kulinganisha, Kenya ilipoagiza vifaru vya Vickers kutoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, ilichukua vifaru 76 na magari saba ya kuvikokota, yaani moja kwa takriban 11.

Uwiano wa Kenya wafaa kwa jeshi la wakati wa amani lenye barabara na karakana karibu. Kwa vita vinavyokula magari kila siku, moja kwa nane ni kidogo mno, kwani gari la kukokota nalo hupigwa, huharibika na huzama. Likiondoka hilo moja, vifaru vyote vinane vimebaki yatima. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, wafadhili walichelewa kulitambua hilo kwa sababu ya kibinadamu kabisa: waziri wa ulinzi hupenda kupigwa picha mbele ya mzinga, wala si mbele ya winchi.

Tatizo jingine ni uzito. M88 ilianza kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi ya vifaru vya tani 50. Ilipokuja Abrams, ikabidi iongezewe nguvu, na toleo la M88A2 likaingia kazini mwaka 1997. Tangu hapo Abrams imeendelea kunenepa kwa deraya na vifaa vya umeme, hadi toleo la karibuni linafikia takriban tani 67. Sasa M88A2 moja haitoshi kuikokota kwa usalama. Jeshi hilo limelazimika kutumia mbili kwa kila Abrams. Kosa la Tiger limerudi, safari hii kwa tajiri zaidi.

Yote hayo, historia na hesabu, yalijengwa juu ya dhana moja: kwamba usiku ni wa mafundi. Giza likiingia, mapigano hupungua, gari la kukokota hutoka taratibu, waya hufungwa, na kabla ya alfajiri kazi imekwisha.

Dhana hiyo sasa imevunjika. Ndege ndogo zisizo na rubani, maarufu kama droni, zimejaa juu ya uwanja wa vita wa Ukraine mchana na usiku. Zenye kamera za kuona joto huliona gari gizani kwa sababu injini yake ni ya moto kuliko ardhi. Zile zinazobeba bomu na kuongozwa na mtu anayetazama kupitia miwani hugharimu dola mia chache tu na hufika kilomita kumi au zaidi. Zamani zingeweza kupotoshwa kwa mitambo ya kuvuruga mawimbi ya redio. Tangu 2024 zimeenea zile zinazofungua nyuma yake uzi mwembamba wa nyaya za kioo, ambazo mitambo hiyo haiwezi kuzigusa.

Kwa mshambuliaji, kifaru kilichosimama kimekuwa chambo. Hana haraka ya kukimaliza. Anaweza kukiacha, akasubiri gari la kukokota lifike, mafundi washuke kufunga minyororo, ndipo apige. Gari la kukokota ni kubwa, ni la polepole, na likiwa limeshafungwa kwenye kifaru haliwezi hata kukimbia. Tena ni adimu kuliko kifaru, hivyo ni windo bora zaidi.

Majeshi yote mawili yamebadili mwenendo. Makamanda husubiri ukungu, mvua au upepo mkali, hali ambazo rubani wa droni huzichukia. Magari hufunikwa kwa nyavu na vizimba vya vyuma. Kufunga waya, kazi iliyokuwa ikichukua dakika nyingi, hufanyiwa mazoezi hadi ipungue, na vifaru vingine huingia vitani vikiwa vimeshafungiwa nyaya za kuvutia mbele na nyuma ili fundi asikae nje muda mrefu. Pande zote mbili zimeanza kutuma mikokoteni midogo isiyo na dereva kupeleka risasi na kutoa majeruhi, lakini mikokoteni hiyo haina nguvu ya kuburuta tani 60.

Matokeo yake ni kwamba kamanda hukabiliwa na swali ambalo mwaka 1973 lisingekuwapo kwa ukali huu: je, kifaru kimoja kibovu kina thamani ya kuhatarisha gari la kukokota na watu watatu au wanne? Mara nyingi zaidi jibu limekuwa hapana. Wafanyakazi wa kifaru hutolewa kwanza, kwa miguu ikibidi, na chombo huachwa au kulipuliwa na wenyewe.

Aprili 2024, maofisa wa Marekani walieleza kuwa Ukraine ilikuwa imeziondoa Abrams zake katika mstari wa mbele kwa muda kutokana na droni. Wakati huo tano kati ya 31 zilikuwa zimepotea. Vifaru vya pande zote mbili vimezidi kutumika kama mizinga, vikifyatua kutoka mbali na kurudi mafichoni, badala ya kuongoza mashambulizi. Sababu zinazotajwa ni nyingi, lakini mojawapo ni hii ya kawaida: kamanda anayejua kuwa kifaru chake kikikwama hakuna atakayekifuata, hatakipeleka mbali.

Watengenezaji wa silaha wanaonyesha katika maonyesho yao winchi zenye nguvu zaidi na mitambo ya kuunganisha magari bila fundi kushuka. Hilo la pili ndilo linaloulizwa zaidi na majeshi yanayofuatilia vita hivi, kwa kuwa dakika zile chache ambazo fundi yuko nje, amepiga magoti katika tope akitafuta tundu la kupachika pini, ndizo zinazoua.